Pazia la Mirihi

Studio yangu iko Kawempe, Kampala, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vipuri vya bodaboda na mama anayeuza mkaa. Kwa miaka mingi nilikuwa na mapazia matatu tu ya kupigia watu picha. La kwanza lilikuwa maporomoko ya maji. La pili lilikuwa nyumba ya ghorofa yenye gari jeupe mbele yake, gari ambalo wateja wangu wengi wameliegemea na hakuna aliyeanguka. La tatu lilikuwa mawingu. Mtu akiingia anachagua kama leo anataka kuwa mtalii, tajiri au malaika, na mimi sina maoni. Namuuliza tu kama anataka nakala moja au mbili. Akisema moja, namuuliza tena, maana swali likirudiwa watu hubadili mawazo, na hubadili kwa faida yangu.

Nilihamia huku kutoka Bungoma nikiwa na kamera ya kuazima na Kiswahili ambacho majirani zangu walikiona kama cha mahakamani. Kampala Kiswahili si lugha ya sebuleni. Ni ya kambi za jeshi na polisi, ya Wakongo wa vitenge, na yetu sisi Wakenya tuliokuja kutafuta. Basi kikanichagulia wateja. Familia za askari, hasa za watu wa kaskazini, zilinizoea kwa sababu kwangu hakuna aliyelazimika kuhangaika na Kiganda. Wao na mimi tulikuwa wageni wa lugha moja.

Pazia la nne nililipata siku niliyokwenda mjini kuchukua bango la msiba. Hapa lazima nieleze, kwa wasioijua kazi yetu. Mtu akifa Kampala, jambo la kwanza ni kumpigia simu padri au shehe, la pili ni kutafuta picha. Inatafutwa ile nzuri ya mwisho, aliyopigwa studio amekaa kwenye kiti, amenyoa, ana tai. Inakuzwa, anawekewa mawingu au maua nyuma yake, inachapishwa kwenye bango linalofungwa mbele ya gari la maiti, kwenye fulana za wajukuu, na moja inawekwa kwenye fremu juu ya jeneza. Nusu ya kazi yangu ni hiyo. Mara nyingi picha yenyewe niliipiga mimi, kwa hiyo nakutana na marehemu mara mbili, na mara zote mbili nimelipwa.

Kwenye kiwanda cha kuchapisha mabango, kijana wa mashine alikuwa na marobota mawili yamesimama kwenye kona yananyanyasa mlango. Aliniambia kuna shule iliyoyaagiza kwa maonyesho ya sayansi, maonyesho yakaahirishwa, wenyewe hawakurudi. Akalikunjua la kwanza sakafuni. Mimi niliona chapati iliyoungua. Akasema hapana, nyabo, ndivyo wanavyomwita mama hapa, hiyo ni sayari ya Mirihi, kuna chombo kinaizunguka huko juu na kuipiga picha mchana kutwa. Nikamuuliza anayekipa kazi hicho chombo analipa vizuri? Akasema hajui. Nikamwambia basi na mimi sitalipa vizuri.

Alitaja bei, nikacheka. Akapunguza, nikachukua mkoba wangu na kuanza kuaga. Nilipofika kwenye ngazi aliniita, kama nilivyojua ataniita, kwa sababu mtu anayejikwaa kwenye robota kila asubuhi hana nguvu ya kushindana na mtu anayetaka kuliondoa. Nikanunua yote mawili. Nilihesabu vile vitundu vya chuma vya kufungia kamba, nikahesabu tena kutoka upande wa pili, vilikuwa kamili, ndipo nikalipa.

Nyumbani niliyatandaza na kuyatazama kwa utulivu. Lile la pili lilionyesha ukingo wa sayari umepinda kama ukingo wa sinia, na juu yake hewa yenyewe ilivyo: ukungu mwembamba, tabaka juu ya tabaka, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, na vijiwingu vichache vyeupe vimenyooshwa kama pamba. Halafu giza. Chini yake kulikuwa na mistari miwili ya maandishi, nikaisoma. Ilisema hewa ya huko ni nyembamba sana, na vumbi jekundu hupanda na kukaa juu kwa muda mrefu bila kushuka. Lile la kwanza lilikuwa ardhi tupu, nyekundu iliyochanganyika na kahawia, yenye vitu vya mviringo, vikubwa kwa vidogo. Maandishi yake yalikuwa aya nzima, nikayakata kwa mkasi bila kuyasoma. Hakuna mteja anayetaka aya nzima chini ya viatu vyake. Nilikata na yale mengine pia ili yalingane.

Mapazia yakapata watu. Lile la ukingo lilipendwa na maharusi, walisema linafanana na ndoto. Lile la ardhi lilipendwa na vijana, na kila mtu aliyeingia aliona vilima. Si ajabu. Sisi tunaoishi mji huu, kila safari ni kupanda na kushuka, ukimuonyesha mtu kitu cha mviringo kimeinuka kidogo atakutajia kilima na kukwambia kodi ya huko ni kiasi gani. Mwendesha boda mmoja alilitazama kwa muda akasema ni Kampala kabla ya mabwenyenye kununua viwanja. Nami niliona vilima. Nilikuwa na sababu gani ya kuona kingine?

Kisha akaja binti wa mzee mmoja.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, anayesimama wima kama watu waliokulia kambini. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi Uarabuni, mkataba wa miaka miwili, na ndege yake ilikuwa Jumapili. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka: picha ya baba yake. Baba alikuwa sajenti mstaafu, umri umekwenda, kifua kinamsumbua majira ya mvua, na miaka miwili kwa mtu wa umri ule ni mirefu. Hilo la mwisho hakulisema. Alitazama tu kwingine.

Nikamwambia amlete, ni dakika mbili.

Akacheka kwa uchovu. Mzee hapigwi picha, akasema. Kaka zake wawili na rafiki yake wa jeshini, wote walipigwa studio, wamekaa kwenye kiti, na mara iliyofuata alipoziona picha hizo zilikuwa juu ya majeneza. Tangu hapo mtu akitoa simu yeye anageuka. Binti alinionyesha simu yake: mgongo wa baba, kofia ya baba, kiganja cha baba kimejaa kioo kizima. Kulikuwa na ya kitambulisho cha taifa, lakini ile, alisema mzee mwenyewe, ni ya serikali, na inamfanya aonekane anatafutwa. Mama yake binti, mke wa mzee, alikuwa Mwislamu. Alizikwa siku ile ile aliyokufa, bila bango wala fremu, na mzee, ambaye ni Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, alisema huo ndio ustaarabu.

Nilimwonyesha mapazia. Alitikisa kichwa kwenye maporomoko, akatikisa kwenye ghorofa, na kwenye mawingu hakungoja hata nilifungue lote. Lile la ukingo wa Mirihi alilitazama kwa tamaa, ila lilikuwa na mawingu pia, hata kama ni ya vumbi.

"Huko ni mbinguni," alisema. "Atatoka mbio."

Basi nikamfungulia lile la vilima. Nikamwambia, dada, hapa ni mahali pekee ninapopafahamu ambapo hakuna mtu aliyewahi kufa. Hakuna aliyewahi kufika. Hakuna kaburi hata moja.

Alianza kucheka, halafu akaacha. Akasema atakwenda kumwambia hivyo hivyo.

Alhamisi alinipigia simu. Mzee alikuwa amelifikiria jambo hilo siku nzima, na alikuwa na swali: jeshi letu limewahi kupelekwa huko? Nikamwambia halijawahi. Nikamsikia akimpa jibu, na nyuma yake sauti nzito ikasema basi, Jumamosi.

Ijumaa niliosha pazia. Barabara yetu haijamalizika kutengenezwa, na vumbi lake lilikuwa limeongeza wekundu ambao Mirihi haikuuhitaji. Nililianika, likakauka, nikalitundika haraka bila kulitazama.

Jumamosi mzee alikuja amevaa koti la suti la kijivu, viatu vimeng'arishwa hadi unaweza kunyolea ndevu. Nikamkaribisha, karibu afande. Akaniambia yeye si afande tena, afande ni yule anayekula mshahara. Alikuwa na furaha. Nilimwona anatafuta mahali pa kutundika kofia yake, na mtu anayevua kofia kwa hiari yake studio ameshakubali nusu. Kisha akainua macho.

Kofia akairudisha kichwani.

"Hii ni makaburi," akasema. "Wewe Mkenya, uliambia mtoto yangu hapa hakuna mtu amekufa. Iko ngapi hapo?"

Nami, Mungu anisamehe, niligeuka nikaanza kuyahesabu. Maana kweli yalikuwa mashimo. Vilima vyangu vyote vilikuwa vimezama. Kila palipokuwa na mgongo sasa pana bonde, pembezoni kumeinuka, katikati kumekwenda chini na kivuli kimelala ndani. Nilihesabu ishirini na saba, nikarudia, nikapata ishirini na saba, na nilipogeuka mzee hakuwepo. Alikuwa amekwenda kukaa kwenye benchi la mama wa mkaa, kofia kichwani, mgongo kwetu.

Binti alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hakunilaumu. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Mama, ndege ni kesho."

Nilimpigia simu yule kijana wa mashine. Nilimwambia bidhaa yake imeharibika, vilima vimebonyea. Akacheka mpaka nikaona hasara ya dakika zangu. Akaniuliza kama nimekata maandishi. Nikasema nimekata. Akauliza ukingo niliokata uko juu au chini. Nikatazama. Uko chini. Akasema basi safari hii ndiyo umelitundika sawasawa, siku zote lilikuwa limesimama kwa kichwa. Yale ni mashimo, ndivyo aya ile ilivyosema, yalichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka juu zamani. Jicho la mtu limezoea jua linalotoka juu, akasema. Ukigeuza picha, mwanga unakuwa kama unatoka chini, jicho halikubali, linaona afadhali liliinue shimo liwe kilima kuliko kulishusha jua. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuuliza, niliuliza bei tu.

Tukaligeuza, binti na mimi, kila mtu na kamba yake. Na kweli, mbele ya macho yetu, yale mashimo yakainuka yote kwa pamoja. Sitasema uongo, ilinishtua kidogo. Kitu hakijabadilika hata nukta moja, na nchi nzima imebadilika.

Binti akatoka kumwita. Nilimsikia akimbembeleza kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili, baba njoo uone, ni vilima, umeona vibaya. Mimi niliweka kamera tayari. Ilikuwa dakika mbili tu, nilijua, akikaa nimeshabonyeza.

Mzee aliingia lakini hakukaa. Alilisogelea pazia akalitazama kama mtu anayekagua gwaride. Akapapasa ukingo wa juu, mahali mkasi wangu ulipopinda kidogo. Akatazama sakafuni, akatazama juu tena.

"Mmegeuza," akasema. Hakuuliza.

Binti akatazama viatu vyake.

"Sasa kweli ni ipi? Ni kilima au ni shimo?"

Nimeuza vitu vingi kwa maneno yaliyonyooshwa kidogo. Kama angekuwa ananiuliza kuhusu fremu ya mti, ningemwambia ni mvule. Lakini huyu alikuwa ameulizia hata jeshi kwanza, na mwanawe alikuwa anaondoka kesho, na sikutaka aende Uarabuni na picha ya baba aliyedanganywa. Hata hivyo nilimtazama binti kwanza, kwa sababu hasara ingekuwa yake. Alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

"Ni mashimo, afande."

"Nani alichimba?"

"Mawe. Yalianguka kutoka juu."

"Na ndani hakuna mtu?"

"Hakuna hata mmoja. Nimehesabu."

Akauliza kama hewa iko. Nikamwambia iko, kidogo, nyembamba na yenye vumbi. Akasema kama Kawempe. Kisha akatuambia tuligeuze tena.

Tuligeuza. Alirudi nyuma hadi mlangoni, akafumba jicho moja, akafumba la pili, akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia bega. Tuligeuza tena na tena, mikono ikaanza kuniuma, na sikuthubutu kutaja gharama ya muda. Mwisho akasema tuache hapo, mashimo yakiwa mashimo. Akasogea akaweka kidole kwenye moja kubwa, lenye ukingo ulioinuka pande zote.

"Kaburi iko na kona nne," akasema. "Hii ni duara. Hii si kaburi. Hii ni bomu."

Ndipo akatueleza, amesimama hapo hapo, kofia mkononi. Alikuwa kijana bado, vitani huko kaskazini, jioni, kundi lake limetawanyika. Bomu likaanguka karibu, na moshi ulipopungua yeye na mwenzake wakajitupa ndani ya shimo lililochimbwa nalo, kwa hesabu yao kwamba la pili haliwezi kuja mahali pale pale. Mvua ikanyesha. Walikaa humo wamekumbatiana kama watoto, maji yakawafika kiunoni, na usiku mzima walisikia mengine yakianguka kwingine. Asubuhi mwenzake alipanda kwanza, yeye akafuata. Udongo ulikuwa mwekundu hivi hivi, akasema, na ulimganda mpaka masikioni.

Binti alikuwa anamtazama kwa mdomo wazi. Baadaye aliniambia hakuwahi kusikia habari hiyo, wala mama yake hakuwahi kumsimulia.

"Mimi nililala ndani ya hii," mzee akasema, "na nikatoka mzima. Piga picha."

Kiti alikikataa, akasema hicho ndicho kilichowaua kaka zake. Alisimama, binti kulia kwake, mashimo nyuma yao. Nilipiga, nikapiga tena. Alikuwa ametoa uso wa kitambulisho, kidevu juu, macho ya mtu anayesubiri kusomewa mashtaka. Nilimwambia alegeze mabega, akayakaza zaidi. Nilitania kidogo kuhusu Waganda, hakucheka. Nikaanza kufikiri kwamba binti ataondoka na askari, si na baba.

Ndipo binti, bila kugeuka, akamuuliza ni lipi kati ya yale linafanana sana na lake.

Mzee aligeuka nusu. Alikunja uso akitafuta, kisha akaliona, akainua mkono kumuonyesha, na mdomo ukafunguka kumueleza kwa nini ni lile na si la pembeni. Nikabonyeza.

Nilizifungua zote kwenye kioo wachague. Nilimshauri binti achukue mojawapo ya zile za kusimama, ziko safi, kila kifungo kinaonekana. Aliipita moja baada ya nyingine mpaka akafika ile ya kidole. Nikamwambia hiyo haifai, mkono umetikisika, unaonekana kama moshi, na mimi sitoi kazi ya hivyo studio kwangu.

"Mkono wake ndivyo ulivyo, mama," alisema. "Unatikisika. Nipe hiyo."

Nikaichapisha. Mzee aliomba kuiona kabla haijaingia kwenye bahasha. Aliishika mbali na macho, akaisogeza, akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama pazia.

"Hii hawawezi kuweka juu ya jeneza," akasema. "Maiti haiwezi kuonyesha mtu kitu."

Akamrudishia mwanawe. Kisha akaniuliza kama naweza kutoa na yake, ndogo, ya kuweka mezani, na akataka nimpunguzie kwa sababu hadithi yote ya picha ile ilikuwa yake. Nilikuwa na majibu kadhaa ya swali kama hilo, nimeyatumia miaka mingi. Yote niliyaacha. Nikampunguzia.